Mbunge asiye na Mazinde yake: historia ya utii wa chama Handeni na Korogwe

Jumanne ya Julai 29, 2025, Amos Makalla, Katibu wa Itikadi, Uenezi na Mafunzo wa CCM, alisoma mjini Dodoma majina ya wanachama walioruhusiwa kwenda kupigiwa kura za maoni za ubunge. Katika jimbo la Bumbuli, jina la January Makamba halikuwamo. Alikuwa mbunge wa jimbo hilo tangu 2010, na katika miaka hiyo 15 alipita kwenye wizara za Mazingira, Nishati na Mambo ya Nje. Miaka 10 nyuma, 2015, vikao vya chama hichohicho vilimwingiza katika majina matano ya mwisho ya waliotaka kugombea urais. Safari hii hakufika hata kwa wajumbe wa jimboni kwake. Sababu ya jina moja moja haikusomwa.

Bumbuli iko Lushoto, lakini habari zake ni habari za Korogwe pia, kwa sababu gari la kwenda huko huacha barabara kuu pale Mombo, wilayani Korogwe, ndipo lipande milima kuelekea Soni. Kinachotokea juu hujadiliwa chini kabla jua halijazama. Na swali linaloulizwa vijiweni, kuanzia Mombo hadi Chanika mjini Handeni, ni la zamani kuliko CCM yenyewe: mtu akishakuwa ndani, utii wake ni kwa nani? Kwa waliomchagua, kwa kanuni, au kwa wenye kalamu?

Nchi hii ya bonde la Pangani na mbuga za Uzigua imelijibu swali hilo kwa namna nyingi katika miaka 160 iliyopita. Ndiyo maana nimeona tulifuate hukuhuku, kuliko kuanzia Dodoma kama makala nyingi zinavyofanya.

Tuanze Mazinde, kati ya Mombo na Mkomazi. Wengi wanaopita kwa basi wanaona mashamba ya mkonge tu. Katikati ya karne ya 19, aliyekaa hapo alikuwa Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara aliyetawala kutoka Vugha, juu mlimani. Kimweri aliwapanga wanawe katika milki yake, kila mmoja na eneo lake, wote wakiwajibika Vugha. Utaratibu ule ulisimama kwa sababu neema zote zilipitia kwa mfalme: ardhi, mvua, ng'ombe, vyeo. Richard Burton na John Speke walipofika Vugha mwaka 1857 walimkuta mzee sana, naye alifariki 1862. Kiti kikaenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, ambaye bado alikuwa kijana.

Semboja hakumtii kijana huyo, na alikuwa na uwezo wa kutomtii. Mazinde ilikuwa kwenye njia ya misafara. Bunduki, baruti na nguo vilimfikia Semboja bondeni kabla havijafika mlimani, na yeye alizungumza Kiswahili, alivaa nguo za watu wa pwani na alikuwa na marafiki wafanyabiashara. Mwishoni mwa miaka ya 1860 vita vilifika Vugha, Shekulwavu akakimbia, na Semboja akamweka mwanawe kwenye kiti cha Vugha. Yeye mwenyewe hakuhamia huko. Alibaki Mazinde, penye njia, kwa sababu alijua nguvu yake inatoka wapi. Watu wengi wa kawaida walilipa gharama ya ugomvi ule kwa kutekwa na kuuzwa utumwani, na kumbukumbu hiyo haifai kupambwa. Semboja alikufa 1895, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa.

Ninamtaja Semboja kwa jambo moja. Kiongozi wa chini huasi, au hutii kwa hiari, pale tu anapokuwa na njia yake mwenyewe ya kuishi nje ya neema ya mkubwa. Asiyekuwa na Mazinde yake hana hiari. Jambo hilo litarudi tukifika kwenye Katiba ya sasa.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe 1902 na Mombo miaka michache baadaye, na nyuma yake ukaja mkonge. Kufikia miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge Tanganyika walikuwa zaidi ya 100,000, kundi kubwa kuliko yote la watu waliolipwa mshahara nchini, na sehemu kubwa walikuwa mkoa wa Tanga. Watu hao walijifunza nidhamu ya pamoja kwanza katika chama cha wafanyakazi wa mashambani. Mgomo wa shamba la Mazinde wa 1958 ulikumbukwa kwa muda mrefu. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Victor Mkello, na baada ya uhuru hakukubali kwamba kwa kuwa serikali ni ya Waafrika basi migomo imekwisha. Mwanzoni mwa 1963, akiwa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, alikamatwa na kupelekwa Sumbawanga, mbali na watu wake. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, TFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, iliyofungamanishwa na TANU.

Kwa mtu wa Korogwe huo ndio mwanzo halisi wa nidhamu ya chama kama tunavyoijua. Chama cha siasa kilifika kambini kwa mfanyakazi kikamwambia kwamba kuanzia sasa kuna sauti moja. Wapo waliofurahi, maana TANU ilikuwa imeleta uhuru na iliheshimiwa sana. Lakini njia ya pembeni, ile ambayo mkata mkonge angeweza kuitumia kumwambia mwanasiasa kwamba hapana, ilifungwa.

Kuanzia 1964 mashina ya nyumba kumi kumi yakaenezwa. Balozi wa nyumba kumi alijua nani ana mgeni, nani hajatoa ada, nani ana ugomvi na mkewe, nani anasema nini kilabuni. Alisuluhisha, aliandikia barua, alipeleka taarifa. Mimi siwezi kumsema vibaya balozi. Katika vijiji vya Handeni, ambako nyumba zilikuwa mbalimbali na ukame ulirudi mara kwa mara, yeye ndiye aliyekuwa serikali pekee iliyoonekana kila siku, na aliishi maisha yaleyale ya majirani zake. Utii kwa chama ulikuwa utii kwa mtu unayemjua, anayechota maji kisima kimoja na wewe.

Kisha ikaja 1965. Katiba ya mwaka huo iliifanya Tanzania nchi ya chama kimoja kisheria, na mtu angetarajia kwamba ubunge ungekuwa wa kugawiwa. Haikuwa hivyo kabisa. Mkutano wa wilaya ulipiga kura kuwapanga waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili wakarudi kwa wananchi wote, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Kampeni zilikuwa za pamoja, kwenye jukwaa moja, na ilikatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Mwaka huo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alianguka. Bibi Titi Mohamed, ambaye jina lake lilikuwa sawa na TANU yenyewe, alianguka Rufiji. Chama hakikuwaokoa. Halmashauri Kuu ilikuwa na kalamu, na iliitumia, lakini ilikuwa lazima ibakishe majina mawili, na kati ya hayo mawili mwenye uamuzi alikuwa mkulima mwenye karatasi yake.

Utaratibu huo tunausahau haraka mno. Tunauita udikteta wa chama kimoja, nao kweli ulikuwa na pingu zake, lakini waziri alijua kwamba utii wake kwa wakubwa hautamfaa kitu siku ya jembe na nyumba ikiwa watu wa jimboni kwake wamemchoka.

Miaka miwili baadaye nidhamu ikawageukia viongozi wenyewe. Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Neno kiongozi halikuwa la mawaziri tu, liliwabana pia watumishi wa ngazi ya kati, na mke au mume hakuachwa nje. Bibi Titi, aliyekuwa na nyumba za kupangisha, alipinga na akajiuzulu kwenye vikao vya juu. Unaweza kusema miiko ilizidi ukali, na mimi nakubali kwamba mjane mwenye nyumba mbili si bepari. Lakini tazama inambana nani kwanza. Inambana aliye juu. Mwanachama wa kawaida wa Segera au Kabuku hakukatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Aliyekatazwa ni yule aliyetaka kumwongoza. Cheo kilikuwa na bei, na mwenye cheo ndiye aliyeilipa. Katika ahadi zake kila mwanachama alitamka kwamba cheo ni dhamana, na kwa miaka kadhaa kauli hiyo ilikuwa na meno.

Haikuwa miaka ya upole. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu iliwafukuza uanachama watu tisa, wakiwamo Oscar Kambona, ambaye alikwisha kwenda Uingereza, na wabunge kama Eli Anangisye na Joseph Kasella Bantu. Kwa kufukuzwa chama walipoteza na viti vyao. Baadhi yao kosa lao kubwa lilikuwa kusema ndani ya Bunge kwamba Bunge nalo lina kauli. Hapo ikaandikwa kanuni ambayo haijafutika hadi leo: kiti ni cha chama. Mwaka 1975 Katiba ikatamka wazi kwamba chama kinashika hatamu. CCM ikazaliwa Februari 5, 1977. Januari 1984 Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alijiuzulu vyeo vyote Dodoma baada ya kubanwa katika Halmashauri Kuu, na 1988 Maalim Seif Sharif Hamad na wenzake wakafukuzwa. Nidhamu ilikuwa inapanda hadi juu kabisa. Hakuna aliyekuwa mkubwa kupita kikao.

Mwalimu Nyerere aliachia uenyekiti wa CCM Agosti 1990. Februari 1991 Halmashauri Kuu ilikutana Zanzibar na kuilegeza miiko. Mishahara miwili ikaruhusiwa, nyumba za kupangisha zikaruhusiwa, hisa zikaruhusiwa. Uamuzi huo ulipita bila kishindo, na watu wengi wa vijijini waliusikia baadaye sana, kwa minong'ono. Kwangu mimi ndiyo tarehe muhimu kuliko zote katika historia hii, kuliko hata Julai 1992 vyama vingi viliporudi. Sehemu ya nidhamu iliyomfunga kiongozi iliondolewa. Sehemu iliyomfunga mwanachama na mbunge kwa kikao ikabaki kama ilivyokuwa.

Jaribio la kwanza halikuchelewa. Agosti 1993 wabunge waliojulikana kama G55, wakiongozwa na Njelu Kasaka, walipitisha bungeni azimio la kutaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Wote walikuwa CCM, kwa maana Bunge lote lilikuwa la CCM. Nyerere, akiwa mstaafu, aliwaandama viongozi walioruhusu jambo hilo, hasa Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu Horace Kolimba, na kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania ni hati ya mashtaka juu yao. Alidai kwamba sera ya chama haibadilishwi kwa kupepesa macho. Ibadilishwe na wanachama, au itetewe. Azimio likazimwa, na wote wawili wakaondolewa kwenye vyeo hivyo. Kolimba alirudi kwenye midomo ya watu Machi 1997, aliposema chama kimepoteza dira. Aliitwa Dodoma kujieleza mbele ya vikao, akaanguka hukohuko na kufariki. Tangu siku hiyo, mwanachama akiitwa Dodoma kujieleza, familia yake hulala macho.

Sasa turudi Handeni, kwa sababu Handeni ilikuwa na mtu ambaye maisha yake yanaeleza utii wa kipindi kilichofuata kuliko hotuba yoyote. Dk. Abdallah Kigoda alichaguliwa mbunge mwaka 1995. Katika serikali ya Benjamin Mkapa alishika wizara iliyobeba mipango na ubinafsishaji, kazi isiyompendeza mtu, maana viwanda na mashirika yalikuwa yanauzwa. Mwaka 2005 alichukua fomu ya urais. Walikuwa 11. Halmashauri Kuu ikapokea majina matano, na la Kigoda likiwamo, pamoja na Jakaya Kikwete, Salim Ahmed Salim, Mark Mwandosya na Frederick Sumaye. Walipochujwa hadi watatu, Kigoda na Sumaye wakabaki nje. Mei 4, huko Chimwaga, Kikwete akapata kura 1,072, Salim 476, Mwandosya 122.

Angalia watu hawa wawili waliokatwa pamoja. Kigoda alirudi Handeni, akagombea ubunge, akakaa bungeni bila cheo cha uwaziri kwa miaka kadhaa, na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Mwaka 2012 Kikwete alimpa Wizara ya Viwanda na Biashara. Sumaye, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka 10, alisubiri hadi 2015, akatoka kwenda kumuunga mkono mgombea urais Edward Lowassa upande wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, na Februari 2020 akarudi CCM. Sisemi Kigoda alikuwa mwema na Sumaye mbaya. Kigoda alikuwa na kitu ambacho Sumaye alikuwa amekiacha: jimbo. Handeni ilikuwa nyuma yake, na mtu mwenye jimbo lake anaweza kuwa mtiifu bila kudhalilika.

Dk. Kigoda alifariki Oktoba 12, 2015 akitibiwa India, siku chache kabla ya uchaguzi, akiwa mgombea wa Handeni Mjini. Kura ya jimbo hilo ikaahirishwa hadi Desemba, na mwanawe Omari akashinda. Mwaka 2020 jimbo likaenda kwa Reuben Kwagilwa. Miaka 20 ya baba, mitano ya mtoto: hata mapenzi ya Handeni kwa jina moja yalikuwa na kikomo, na huko ndiko kuchagua.

Korogwe ilikuwa na sura nyingine. Joel Bendera, aliyekuwa kocha wa Taifa Stars ilipokwenda fainali za Afrika Lagos mwaka 1980, alikuwa mbunge wa Korogwe Mjini kuanzia 2005. Mwaka 2010 jimbo lilikwenda kwa Yusuf Nassir, naye Bendera akawa mkuu wa mkoa, kwanza Morogoro, kisha Manyara. Mwenye kupoteza na kunyamaza hakuachwa akaoza. Hiyo ilikuwa nusu ya pili ya nidhamu ya CCM, nusu inayosahaulika: adhabu kwa mkaidi, na kifuta jasho kwa mtulivu. Vyama vya upinzani, visivyokuwa na mikoa wala wilaya za kugawa, vilibaki na adhabu tu.

Kwa upande wa Korogwe Vijijini, mwaka huo wa 2010, alichaguliwa Stephen Ngonyani, mganga wa jadi ambaye nchi nzima ilimwita Profesa Maji Marefu. Huyo hakupanda kwa ngazi za vikao. Alikuja na umaarufu wake mwenyewe, na chama kikauhitaji umaarufu huo kuliko yeye alivyokihitaji chama. Alifariki Julai 2, 2018. Uchaguzi mdogo uliofuata Septemba uliwekwa siku moja na wa Ukonga na Monduli, ambako Mwita Waitara na Julius Kalanga walikuwa wamejiuzulu ubunge walioupata kupitia CHADEMA, wakahamia CCM na kuteuliwa kugombea viti vilevile. Korogwe Vijijini, Timotheo Mnzava wa CCM alipita bila kupingwa. Kwa hiyo katika kalenda moja ya tume ya uchaguzi, mpiga kura wa Ukonga na Monduli aliona uaminifu ukihamishwa kutoka chama hadi chama kwa wiki chache, na mpiga kura wa Korogwe hakuona karatasi ya kura kabisa.

Kwa nini mbunge anayetaka kubadili msimamo lazima aue ubunge wake kwanza? Kwa sababu ya ibara za 67 na 71 za Katiba. Mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Akiacha kuwa mwanachama, ubunge unakoma. Mchungaji Christopher Mtikila alipinga jambo hilo mahakamani tangu 1993. Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma alimpa haki 1994. Bunge likabadilisha Katiba kumzuia. Mahakama Kuu ikampa haki tena 2006; Mahakama ya Rufani ikasema 2010 kwamba hilo ni jambo la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha, nayo Juni 14, 2013 ikatamka kwamba kumkataza mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mtikila alikufa kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na sheria ilikuwa ileile.

Hapa ndipo Semboja anaponijia. Mfumo wetu umefunga Mazinde zote. Mwanasiasa wa Tanzania hana njia ya misafara isiyopita kwa mwenye kiti. Akikatwa, ana mambo matatu ya kufanya: kunyamaza, kuhamia nyumba ya chama kingine kama mpangaji, au kuacha siasa. Hayo si mazingira ya kuzaa utii wa moyoni. Yanazaa utii wa mtu anayehesabu.

Na hesabu zenyewe hubadilika kila uongozi unapobadilika. Mzee Yusuf Makamba, baba yake January, mwalimu na mwanajeshi aliyezijaza hotuba zake aya za vitabu vitakatifu, alikuwa Katibu Mkuu wa CCM hadi Aprili 2011, sekretarieti yake yote ilipoachia ngazi katika kile kilichoitwa kujivua gamba. Julai 2019 yeye na Abdulrahman Kinana, makatibu wakuu wastaafu wawili, waliandika waraka wakilalamika kwamba wanachafuliwa na chama hakiwalindi. Februari 28, 2020 Kamati Kuu ilitoa hukumu: Bernard Membe kufukuzwa, Kinana karipio, Mzee Makamba kusamehewa. Ilipita miaka miwili na kidogo tu, Kinana akawa Makamu Mwenyekiti wa chama, na Membe akarudishiwa kadi. Emmanuel Nchimbi, ambaye Julai 2015 alitoka hadharani pamoja na Sophia Simba na Adam Kimbisa kukana uamuzi wa Kamati Kuu wa kumkata Lowassa katika mbio za urais, alipewa onyo kali 2017, naye Simba alifukuzwa. Januari 2024 Nchimbi alikuwa Katibu Mkuu, na mwaka uliofuata mgombea mwenza wa urais.

Ninafurahi watu wakisameheana. Chama kisichosamehe ni gereza. Kinachoniuma ni kwamba katika mizunguko yote hiyo hatukuambiwa ni kanuni gani iliyovunjwa, wala ni lini kosa lilikoma kuwa kosa. Mwanachama wa tawi la Mombo anajifunza nini? Anajifunza kusoma uso wa mwenyekiti.

Wapinzani wasidhani wao wako kando ya hadithi hii. Mwaka 1997 kikao cha NCCR-Mageuzi mjini Tanga, wakati wa ugomvi wa viongozi wake Augustino Mrema na Mabere Marando, kilivunjika kwa vurugu, na chama kilichokuwa cha pili kwa nguvu nchini hakikusimama tena. CHADEMA ilimvua Zitto Kabwe vyeo Novemba 2013 na uanachama Machi 2015. Agosti 2011 iliwafukuza madiwani watano wa Arusha kwa kukubali mwafaka wa umeya bila ridhaa ya chama. Mgogoro wa umeya ule ulikuwa na mkono wa mtu wetu: Mary Chatanda, katibu wa CCM mkoa wa Arusha na mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga, alipiga kura ya kumchagua meya, CHADEMA ikapinga, na maandamano ya Januari 5, 2011 yakamwaga damu. Chatanda baadaye akawa mbunge wa Korogwe Mjini, 2015 hadi 2020, na mwaka 2022 mwenyekiti wa taifa wa UWT, umoja wa wanawake wa CCM. Kisha Novemba 2020 CHADEMA iliwafukuza Halima Mdee na wenzake 18 kwa kuapa ubunge wa viti maalumu bila idhini. Hao wanawake 19 walikaa bungeni hadi muhula ukaisha. Kanuni ya kiti ni cha chama, iliyokuwa chuma mwaka 1968, safari hii ilikuwa nta. Sheria ileile inayomnyima mkulima wa Kwamsisi haki ya kugombea bila chama iliwaacha watu bungeni bila chama.

Januari 2025 vyama viwili vikubwa vilikutana na wajumbe wao ndani ya siku chache. Dodoma, mkutano mkuu wa CCM, ulioitwa kwa ajenda nyingine, ulimpitisha Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea wa urais palepale, bila fomu kushindaniwa. Dar es Salaam, wajumbe wa CHADEMA walikesha wakihesabu kura na Tundu Lissu akamshinda Freeman Mbowe. Walioshindwa wengi, wakijiita G55 kama wale wa 1993, walitoka Mei na kuhamia CHAUMMA. Kule utii ulizuia mashindano. Huku mashindano yalivunja utii. Aprili Lissu alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini na chama chake nje ya uchaguzi. Agosti Luhaga Mpina, aliyekatwa Kisesa, alikwenda ACT-Wazalendo kutafuta urais, akaenguliwa. Oktoba 29 nchi ilipiga kura na watu wakafa barabarani.

Wapo wanaosema dawa ni kuwarudishia wanachama wote kura za maoni, kama 2010 na 2015. Ninaunga mkono, ingawa fedha zilimwagwa miaka hiyo vilevile. Mwaka 2020, wajumbe wachache walipobaki na kura, mtaani ukazaliwa msemo kwamba wajumbe si watu. Ninalodai mimi ni dogo na halihitaji Katiba mpya. Kila jina linalokatwa liandikiwe sababu, sababu itajwe kwa kifungu cha kanuni, na aliyekatwa apewe siku za kukata rufaa kabla kura hazijapigwa. Na kila jimbo lirudishiwe majina zaidi ya moja, kama Halmashauri Kuu ya 1965 ilivyolazimika kufanya hata kwa mawaziri. Pamoja na hayo, anayetaka kuongoza aorodheshe mali zake mbele ya mkutano wa wilaya yake, Handeni kwa wa Handeni, Korogwe kwa wa Korogwe, ili nidhamu ianze tena kwa anayeomba cheo.

Uchaguzi wa ndani wa CCM hufanyika kila baada ya miaka mitano, na baada ya ule wa 2022 unaofuata ni wa 2027. Unaanzia shinani, kwa balozi. Hapo watu wanaopiga kura wanafahamiana kwa majina. Wanachama wa Handeni na Korogwe wanaotaka hoja hizi ziwe ajenda ya mkutano wa wilaya wana muda wa kuziandika, kuzitia saini na kuzifikisha kwa katibu kabla ya hapo.